Kazi ya Kujibiwa

Mama Spès alikuwa na jambo moja la kujivunia pale ufukoni Kalundu, mjini Uvira, na alilisema karibu kila asubuhi akiwa amepiga magoti mchangani anatandaza visamaki vya ndagala: binti yake anafanya kazi kivulini. Watoto wa wenzake walibeba magunia ya saruji kutoka kwenye meli, waliendesha pikipiki, waliuza mikate barabarani. Spès wake alikaa kwenye kiti, ndani ya biro, ofisi moja kule Kilibula, na kazi yake ilikuwa kuandika.

"Anaandikaka nini?" wanawake walimuuliza.

"Minye sijui. Mambo ya telefone. Bakubwa banamulipa."

"Banamulipa ngapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Élisabeth, maana Élisabeth peke yake aliweza kumuuliza swali la namna hiyo bila kumuudhi.

"Kidogo. Lakini jua halimupigi."

"Basi aniitie na minye. Nitaandika na kijiti."

Wakacheka wote wawili. Walikuwa wameanika samaki kwenye kipande kimoja cha mchanga kwa miaka kumi na tisa. Mmoja akiugua, mwenzake alimgeuzia ndagala zake. Mvua ikitokea upande wa ziwa, aliyekuwa karibu alikusanya za wote. Mgeni angedhani ni wa tumbo moja. Hawakuwa hata ndugu wa mbali. Mama Spès alitoka kwa Warundi wa kijiji kimoja cha bonde la Ruzizi, Élisabeth kwa Wafuliiru wa kijiji kile kile, na kati yao palikuwa na mtu aliyekufa.

Zamani, kabla Spès hajazaliwa, baba yake Élisabeth aligombana na Sévère, kaka yake Mama Spès, juu ya mpaka wa shamba kando ya mfereji. Maneno yakawa marefu. Sévère, kijana bado na damu inamchemka, akainua jembe. Mzee akaanguka na hakuamka tena. Watu walingojea nyumba zichomwe usiku ule ule. Badala yake wazee wa pande zote mbili wakakaa siku tisa wakiongea. Ng'ombe wawili wakatoka kwa akina Sévère, shamba lote likaenda kwa wafiwa, kisha chungu kimoja cha pombe ya mtama kikawekwa katikati na mirija miwili ndani yake. Sévère akanywa kwa mrija mmoja. Libérat, kaka yake Élisabeth, akanywa kwa ule mwingine, machozi ya kumlilia baba yake yakidondokea humo humo ndani ya chungu. Wazee wakasema: kuanzia leo jambo hili halina mdomo. Lisitajwe mbele ya mtoto wala mgeni, lisitajwe hata kwa ulevi. Atakayelitaja amelifanya upya.

Likakaa hivyo. Vita vilikuja vikapita, vikarudi tena na majina mengine. Watu walikimbia kutoka Bijombo mlimani wakashuka bondeni, na wa bondeni wakavuka mto kuingia Burundi. Majirani waliochangia kisima walianza kuulizana babu zao walitoka wapi. Sévère hakuguswa. Hakuwa na bunduki wala mkubwa wa kumtetea. Alilindwa na kile alichokunywa na Libérat, basi, na kila aliyezaliwa kijijini pale alilijua hilo.

Wa kwanza kulifungulia mdomo alikuwa Mama Spès mwenyewe. Spès alikuwa amemuuliza kwa nini mama Élisabeth akiletewa mihogo kutoka kwa mjomba Sévère anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, halafu anaigawa yote kwa majirani. Mama akamweleza polepole, mlango umefungwa, ili mtoto ajue namna ya kumheshimu yule mwanamke. Alidhani anampa adabu. Kumbe alimpa bidhaa.

Sasa ile biro. Ilikuwa chumba nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, chenye bamba la umeme wa jua juu ya bati, na vijana wanane, kila mmoja na telefone mbili ambazo hazikuwa zake. Mwenye kazi aliitwa Modeste, mtu mwenye viatu vyeupe aliyefika mjini na begi moja, naye alitumwa na wengine aliowaita "mapatron" asiwataje jina hata siku moja. Kazi ilikuwa kuingia kwenye makundi ya telefone ambako watu wanabishana: mlima ni wa nani, nani mwenyeji na nani mgeni, nani alianza kuua. Kijana hakuulizwa anaamini nini. Kwa telefone ya kulia alitukana hawa, kwa ya kushoto akawatukana wale. Malipo yalikwenda kwa majibu. Watu mia wakikujibu, franka mia tano. Wasipokujibu, umefanya kazi ya bure, na mchana kutwa umekwenda.

Siku moja Mama Spès alimpelekea binti yake sahani ya sombe, majani ya mihogo, na ugali. Aliwakuta vijana wameinamia telefone kama watu wanaotafuta chawa.

"Maman, karibu!" Modeste akamvutia kiti. "Mutoto wako iko na akili. Lakini iko baridi."

"Baridi namna gani, mukubwa?"

"Anaandika kama katekista. 'Ndugu zangu, tusameheane.' Nani atajibu ile?"

Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akaunganisha viganja vyake na kufumba macho, akasema "Ameni" kwa sauti ya puani. Spès akainamisha kichwa.

"Sikia, Spès," Modeste akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, ya mwalimu. "Siasa imechokesha batu. Hakuna mwenye kukasirika juu ya siasa. Weka mutu. Weka jina, weka shamba, weka mufu wao. Mwenye kusoma aseme: huyu anajua kwetu. Hapo utaona namna banajibu."

Mama Spès hakushika maneno yote hayo. Alichoshika ni kwamba mtoto wake ana akili, na kwamba mkubwa wake anataka kumfundisha. Akamsukumia sahani.

"Fanya vile mukubwa anakuambia, mwana wangu."

Akarudi Kalundu akiwa mwepesi kama msichana.

Zilipita siku tatu. Asubuhi ya Alhamisi alipofika ufukoni na beseni lake kichwani, kipande chao cha mchanga kilikuwa nusu tupu. Ndagala za Élisabeth zilikuwa zimehamishiwa mbali, karibu na mitumbwi mibovu, mahali ambapo mbuzi hupita. Élisabeth mwenyewe alikuwa ameketi mgongo kwa njia.

"Dada, umehama? Juu ya nini?"

Élisabeth hakugeuka.

"Élisabeth. Ni minye."

"Weye nani?" Sasa akageuka, na macho yake yalikuwa yamevimba. "Weye ni Mama Spès? Ao ni Arakaza?"

Beseni likateleza kichwani mwa Mama Spès. Mjini Uvira hakuna aliyemwita hivyo. Padri alimbatiza Generose, Kalundu nzima ilimwita kwa jina la mtoto wake. Arakaza lilikuwa jina la utoto, alilopewa na bibi yake, likabaki kule bondeni alipoolewa, na walioweza kulitamka walikuwa watu wa kijiji kile tu.

Élisabeth akamwita mbeba mizigo aliyesoma, akampa telefone. "Umusomee. Yote. Usirukishe."

Yule kijana akasoma kwa aibu, akijikwaa:

"'Mimi Arakaza wa bondeni. Mnajifanya wenye nchi? Mzee wenu wa kando ya mfereji alikuwa mwizi wa mipaka. Kaka yangu Sévère alimpiga jembe moja tu, akalia kama mbuzi, akajikojolea. Watoto wake tukawapa pombe wakanywa wakanyamaza. Damu ya baba yao waliiuza kwa pombe. Akifufuka tutampiga tena.'"

Wanawake wa karibu waliacha kutandaza.

"Kaka yangu alilia ndani ya kile chungu," Élisabeth akasema. "Uliona. Ulikuwa pale, umemushika mama yako mkono. Na sasa batu elfu mbili banacheka baba yangu alijikojolea."

"Si minye! Naapa kwa mwana wangu…"

Akakomea hapo, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umetamka jibu.

"Endelea kusoma," Élisabeth akamwambia yule kijana. "Iko ingine chini."

"'Mtoto wa Ardhi anajibu: Huyo Sévère yuko hai, anakula, anashiba. Nyumba ya pili baada ya mfereji, bati jekundu, mlango unatazama barabara. Wanaume wetu wako wapi? Au na nyinyi mlikunywa?'"

Chini ya hapo, kijana akasema, majibu ni mengi, hayaishi. Wengi wanauliza mfereji upi. Wengine wamekwisha kujibu.

Mama Spès aliacha ndagala zake palepale chini ziliwe na kunguru. Kabla ya kufika barabarani alikuwa amekwisha kumpigia Sévère.

"Kaka, toka. Toka sasa hivi, vuka mto."

"Nitoke niende wapi?" Sévère akacheka kile kicheko chake kizito. "Dada, nimesikia hayo maneno. Libérat amepita hapa asubuhi, tumesalimiana. Ameniambia, yale ya telefone sisi hatuyajui, sisi tulikunywa."

"Libérat alikunywa. Hao wengine hawakukunywa!"

"Minye nikikimbia, nitakuwa nimesema Libérat ni muongo. Kile chungu kimekwisha kutukanwa mara moja, minye sitakitukana mara ya pili. Kaa na amani."

Akakata, maana alikuwa anamwagilia nyanya.

Kule biro, Mama Spès hakubisha hodi. Akamkuta Spès anashangiliwa, ana kopo la soda mkononi, na Modeste anawaambia wengine wamtazame huyu, huyu ndiye ameelewa kazi.

"Futa!" mama akapiga kelele. "Futa ile kitu!"

"Kufuta?" Modeste akashangaa kwa kweli. "Maman, ile iko inatembea. Imefika Bukavu, imefika Bujumbura, hata Ulaya banajibu. Mwezi mzima hatujapata kama ile. Nimemupa hata mega za bure za interneti."

"Ni damu ya batu!"

"Ni maneno, maman. Hapa hatupigi mutu. Tunaandika tu."

Spès alirudi nyuma hadi ukutani. "Mama, nilidhani ile jina imekufa. Hakuna anayekuita tena Arakaza. Nilitafuta tu jina linalofanana na la kule…"

Mama alimpiga kofi lililomwaga soda kwenye nguo zake, akamkokota hadi nje. Telefone mbili zilibaki mezani, zinawaka.

Walikodi pikipiki kwenda bondeni. Walichelewa kwa saa moja.

Vijana kama arobaini walikuwa wamekuja mchana kweupe juu ya pikipiki, na wengi wao hakuna aliyewajua. Walikuwa wakiwauliza watoto njiani nyumba ya bati jekundu ni ipi, na watoto wakawaonyesha, kwa sababu mtoto akiulizwa njia na mkubwa huonyesha. Libérat aliwahi kufika kabla yao. Alisimama mlangoni kwa Sévère, amenyoosha mikono kushika miimo miwili, akawaambia: yule mzee alikuwa baba yangu mimi, si wenu, na mimi nimemaliza. Wakamwambia ameuza damu. Wakampiga taya kwa spana ya pikipiki, likavunjika, wakampita juu.

Sévère walimtoa kwenye nyanya zake. Walitafuta jembe kwanza. Ujumbe ulisema jembe, kwa hiyo walitaka jembe, na lile la mlangoni lilikuwa na mpini uliolegea, ikabidi mmoja aende kuazima jingine kwa jirani. Aliyekuwa anapiga picha aliwaambia wenzake wasogee kidogo, wanamzuilia mwanga. Sévère hakupigwa mara moja tu.

Matanga yalikaa pale pale uwanjani. Wanawake walilia, wanaume waliketi juu ya magogo. Mama Spès alilia hadi sauti ikakauka, lakini alilia kwa jicho moja, jingine linamwangalia Révérien, mtoto mkubwa wa kaka yake. Révérien hakulia. Alikaa na ndugu zake wawili nyuma ya jiko, wamezunguka telefone, na maneno yao aliyasikia vizuri.

"Arakaza ni mutu ametumia jina la shangazi," Révérien alikuwa anasema. "Hilo tutalifuata. Lakini Mtoto wa Ardhi njo aliwatuma. Nyumba ya pili baada ya mfereji. Mulango unatazama barabara. Mutu wa mbali atajua vile?"

"Hawezi."

"Ni wa hapa. Ni mwenye telefone, mwenye kusoma. Kwa Libérat nani anasoma?"

"Luc."

"Basi."

Luc alikuwa mtoto wa mwisho wa Libérat, miaka kumi na tisa, anasomea ualimu. Tangu baba yake avunjwe taya alikuwa anamlisha uji kwa kijiko.

Mama Spès akainuka. Alimkuta binti yake nyuma ya nyumba, amejikunja juu ya mkeka, hajala siku mbili.

"Spès. Nani ni Mtoto wa Ardhi? Unajua batu ba kule biro. Nani kati yao?"

Spès akaanza kuuma kanga yake.

"Sema. Banaenda kuua Luc."

"Ni minye, mama."

Mama hakuelewa. Akadhani mtoto anajibu kitu kingine.

"Zote mbili," Spès akasema. "Arakaza ni telefone ya kulia. Mtoto wa Ardhi ni ya kushoto. Ilikuwa mchana, batu walikuwa wamelala, hakuna mutu anajibu. Nusu saa, jibu hata moja. Modeste akasema, ukiona hawajibu ujijibu mwenyewe, uwaonyeshe njia. Nikajijibu. Nikaweka ile nyumba kwa sababu njo nyumba naijua. Sikuwaza batu watatoka. Mama, kila siku tunaandika 'wanaume wako wapi' na hakuna anayetokaka."

Mama Spès akamtazama. Mtoto wake wa pekee, mwenye kazi ya kivulini. Akisema, Révérien atamfanya nini? Na akinyamaza, Élisabeth atakuwa amezika baba na mtoto wa kaka yake kwa mkono wa nyumba moja. Hakujua kuhesabu mambo makubwa hivyo. Alichokijua ni uji ule, na kijiko, na taya lililofungwa kitambaa.

Akamshika Spès mkono, akamsimamisha mbele ya wapwa zake.

"Révérien, baba. Acheni Luc. Ni huyu. Arakaza ni huyu, na Mtoto wa Ardhi ni huyu. Alikuwa anajibishana peke yake juu ya franka. Mukitaka kuua, muko na sisi wawili hapa."

Vijana watatu wakamtazama Spès, miguu yake ya vumbi, mikono yake mitupu.

"Mutu mumoja atajitukana?" mdogo wao akauliza.

"Ni kazi," Spès akanong'ona. "Njo kazi yenyewe."

Uso wa Révérien ulilegea kidogo. Pengine alikuwa anaanza kuamini. Lakini hapo telefone ikalia mkononi mwake, akasoma, kisha akaigeuza ili wote waone.

"Mtoto wa Ardhi. Sasa hivi, hata dakika mbili hazijaisha. Sikilizeni: 'Mmoja amekwenda. Alikuwa na watoto watatu. Wanaume wetu, mmechoka mapema?'"

Spès akainyooshea telefone kidole. "Ni zile telefone, kaka! Tuliziacha mezani! Modeste amemupa mwingine… anapewa mwingine yeyote…"

"Mikono yako iko hapa," Révérien akasema taratibu, "na yeye anaandika kule." Akamgeukia shangazi yake, na hakukuwa na hasira usoni mwake, huruma tupu. "Shangazi, minye najua unamupenda Élisabeth. Miaka mingi mumekaa pamoja. Lakini usilete mwana wako afe kwa ajili ya bale batu. Kaa chini, ulie."

Wakachukua mapanga yaliyokuwa yamekata kuni za matanga. Wakapita katikati ya waombolezaji bila haraka, kama watu wanaokwenda kuongeza kuni.

Mama Spès aliwafuata mbio hadi kwenye mfereji. Ng'ambo aliona uwanja wa kwa Libérat, na Luc ameketi kwenye kigoda, mgongo kwa njia, anapoza uji kwa kuupuliza. Alivuta pumzi yote iliyobaki kifuani, akapiga ukelele mkubwa wa kumwita jina, kumwambia akimbie. Sauti yake kavu ilitoka imepasuka, haina neno ndani yake.

Nyuma yake wanawake waliokuwa matangani wakamsikia. Wakadhani uchungu wa kaka yake umempanda upya, na kama ilivyo desturi wakainuka wote, wakampokea, wakalia naye kwa sauti kubwa zaidi ya ile yake. Ng'ambo ya mfereji Luc aliinua kichwa, akasikia kilio cha matanga ya jirani, akavua kofia yake kwa heshima, akaiweka gotini na kuendelea kupuliza uji.